Moto ndio unaokula faida ya mafuta ya mchaichai

Wajasiriamali wengi wanaokamua mafuta ya mchaichai kwa mvuke hupiga hesabu ya pipa, majani na chupa, wakasahau moto. Hapo ndipo faida inapoteketea.

Kwa mafiga matatu, mara nyingi asilimia 85 au zaidi ya joto la kuni hupotea hewani. Hivyo kuvukiza lita moja ya maji hula zaidi ya kilo moja ya kuni kavu; mpiko wa lita 40 hula zaidi ya kilo 40. Kuni mbichi ni hasara zaidi, kwani moto huanza kwa kukausha kuni zenyewe.

Jiko la udongo linalozunguka pipa, lenye dohani, linaweza kupunguza kuni hizo kwa nusu. Majani yaliyokwisha kukamuliwa nayo, yakianikwa, huwaka vizuri. Gesi hurahisisha kudhibiti moto, lakini linganisha kwanza bei ya mtungi na ya mafuta yatakayopatikana. Chombo cha kupokelea mafuta kikae mbali na moto, maana mafuta haya huwaka.

Mkulima, kabla ya kununua pipa kubwa zaidi, pima kuni za kila mpiko kwa mizani, kisha jenga jiko.