Huu Mwekundu Unaingilia Wapi?

Tuache kusema kwamba kompyuta inaokoa ususi. Nimelisema hilo mimi mwenyewe, ukumbini, kwa slaidi, na nikapigiwa makofi.

Nilikuwa nimeandika programu fupi ya Python. Unaipa picha, inaipunguza iwe rangi mbili, inaikata miraba, inakutolea nakshi. Nikaipa picha ya maporomoko ya Soni. Likizo ilipofika nikapanda Bumbuli na karatasi yangu, nikampa shangazi, ambaye amesuka ukili tangu kabla sijazaliwa. Akaigeuza. Akaigeuza tena.

“Mwanangu, huu mwekundu unaingilia wapi?”

Sikuwa na jibu. Chane ya ukindu haikai kwenye mraba. Inapita mshazari, inafika ukingoni, inakunjwa, inarudi. Ukiitia rangi, rangi hiyo itachungulia kila chane inapopita juu, njia nzima. Huwezi kuweka doa katikati na kuliacha hapo kama kwenye kioo cha simu. Wanaofuma mikanda kwa vibao vyenye matundu manne wana sheria kama hiyo: kila kibao kina nyuzi zake nne, ukikizungusha zinajitokeza kwa zamu, na ukizungusha upande mmoja tu zinajisokota nyuma mpaka zinagoma. Programu ya maana ingeanza na kibao, au na chane. Yangu ilianza na picha, kwa sababu picha ndiyo niliyokuwa nayo.

Shangazi hakufuta kitu. Alihesabu kwa vidole, midomo ikicheza, kisha akasema maji yatateremka kiupande na mwamba tutausahau. Kama huo si ukokotoaji, sijui nilisomea nini chuoni. Tunapenda kusimulia kadi za Jacquard za mwaka 1804, kwamba kompyuta ina undugu na kitanda cha mfumi, halafu tunapanda Usambara na sura za waokoaji!

Kinachoua ususi tunakijua. Ukindu unakatwa bondeni, unaanikwa (ukungu ukiruhusu), unachemshwa na rangi, unachanwa, unasukwa, ukili unashonwa. Halafu mnunuzi anasimama sokoni na kuulinganisha mkeka huo na wa plastiki. Hakuna msimbo unaogusa bei hiyo.

Nakshi yangu, lakini, ilikwishapata mnunuzi mjini. Alinilipa mimi, kwa faili.

Jioni ile shangazi aliniuliza kama karatasi ile inauzwa. Nikamwambia hapana.