Mfinyanzi naye ni mwalimu



Naomba nafasi katika gazeti lako niseme machache juu ya kazi ya kufinyanga, ambayo wengi wetu tunaidharau.

Hapa kwetu Kyela, kando ya Ziwa Nyasa, vyungu vya akina mama wa Kikisi huuzwa katika soko la Matema. Hata hivyo, mwaka jana nilimgombeza mwanafunzi aliyeingia darasani na udongo kwenye kucha. Kumbe alfajiri alikuwa akimsaidia mama yake. Nilimwambia kazi ile ni ya wasiosoma. Leo naona haya.

Kilichonizindua ni habari za Magdalene Odundo, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950. Mwaka 1971 alikwenda Uingereza kusomea sanaa. Huko mfinyanzi Mwingereza, Michael Cardew, alimhimiza aende Nigeria, kwenye chuo cha ufinyanzi cha Abuja ya wakati ule, ambayo sasa ni Suleja. Waliomfundisha huko ni akina mama wa Kigbari, wanaofinyanga kwa mkono bila gurudumu. Mmoja wao, Ladi Kwali, picha yake imewekwa kwenye noti ya naira 20. Yaani binti wa Afrika Mashariki ilimbidi apitie Uingereza ndipo aelekezwe kwa mama wa Kiafrika!

Odundo huupandisha mtungi kwa mkono, ukawa na tumbo, shingo na mdomo kama mwili wa mtu. Hatumii rangi ya dukani. Huupaka udongo laini uliochujwa, akausugua hadi ung'ae. Akiuchoma katika tanuri lenye hewa ya kutosha hutoka mwekundu. Akiuchoma tena huku hewa imezuiwa na moshi umejaa, hugeuka mweusi. Udongo ni ule ule, ila chuma kilichomo ndani yake hubadilika kwa hewa na moto. Je, hiyo si sayansi tunayoiandika ubaoni? Mitungi yake imo katika makumbusho makubwa ya London, na mwaka 2020 Uingereza ilimpa heshima ya Dame.

Wapo watakaosema ndoo za plastiki zimekwisha ua vyungu, na kwamba watoto wana mitihani. Nawajibu kuwa sisemi kila mtoto awe mfinyanzi. Nasema asione haya kwa elimu iliyomo nyumbani kwao. Siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 ilitaka shule isijitenge na kijiji.

Napendekeza kamati za shule ziwaalike akina mama wafinyanzi wafundishe, tena walipwe posho. Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni, lakini hawakutuagiza tumwache hivyo.

Mimi nimekwisha mwomba radhi yule mtoto, na mama yake amekubali kuja. Walimu wenzangu, mnasemaje?

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Kyela.