Mambo ya Nyumbani: Fedha Isiyo na Jina

Mwezi huu nataka kusema nanyi juu ya fedha ya nyumbani. Sitawafundisha kujumlisha wala kutoa, maana jambo hili lingekuwa la hesabu tu, walimu wote wangekuwa na akiba, nasi twajua ya kuwa sivyo.

Sikieni habari za mwalimu mmoja, aliyenipa ruhusa kuzisimulia bila kumtaja jina. Mtu huyu hufundisha hesabu, na watoto wake hufaulu sana. Mwezi wa Agosti aliuza mahindi yake, akaweka ada ya binti yake, aliyekuwa tayari kuingia shule ya sekondari mwezi wa Januari. Fedha akaitia katika mfuko wa koti lake la Jumapili. Wiki ya pili akaja shemeji yake, ambaye paa la nyumba yake limeng'olewa na upepo, akampa. Akaja mtoto wa ndugu yake kutaka nauli, akampa. Kisha kukawa na mchango wa arusi, na majina ya watoaji yakasomwa kwa sauti mbele ya watu. Akatoa kupita alivyokusudia. Kila mara alijiambia moyoni, "Nitairudisha mwisho wa mwezi." Mkewe hakujua neno. Na tangu Oktoba mwalimu hakutia tena mkono katika mfuko ule kuhesabu, maana aliogopa.

Januari ilipofika, binti alikaa jikoni akiosha vyombo, huku wenzake wakipita njiani na masanduku yao ya bati. Mama akauliza, "Baba, fedha ya mtoto i wapi?" Akajibu, "Sijui imekwendaje."

Wala hakusema uongo. Hakunywa pombe, hakucheza kamari, hakununua hata viatu. Basi ni nini kilichokula fedha ile? Mimi naona ni mambo matatu yakaayo moyoni mwa kila mmoja wetu.

La kwanza ni furaha ya mavuno. Siku ya kuwa na fedha mkononi, mtu hudhani ya kuwa yeye wa kesho atakuwa na nguvu kuliko yeye wa leo. Leo atatumia kidogo, kesho atajizuia. Lakini kesho ikija, humkuta ni mtu yule yule. La pili ni aibu. Twaona haya kumwambia ndugu, "Sina," hali anajua ya kuwa tumeuza mahindi juzi. La tatu ni hofu. Mtu akishajua moyoni kwamba fedha imepungua, huacha kuihesabu, kama mgonjwa aogopaye kwenda kwa mganga asije akaambiwa ugonjwa wake. Na fedha isiyohesabiwa hupungua upesi zaidi.

Wako wataalamu waliochungua mambo haya huko magharibi ya Kenya, upande wa Busia, kati ya wakulima na wachuuzi kama sisi. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson walitoa habari zao mwaka 2011. Waliona ya kuwa wakulima wengi baada ya mavuno walikusudia kununua mbolea kwa msimu ujao, lakini wakati wa kuitia shambani ulipofika, fedha ilikuwa imekwisha. Basi wakulima wengine waliendewa mara baada ya kuvuna, wakaambiwa, "Lipa leo, nawe utaletewa mbolea bure wakati utakapoitaka." Walionunua wakaongezeka sana. Na wengine walipopewa mbolea kwa nusu ya bei, lakini baadaye, fedha ilipokuwa imeanza kwisha, walionunua hawakuwazidi wale kwa kitu kikubwa. Fahamuni jambo hili: wakati ulio mwema ulikuwa na nguvu kama kupunguziwa nusu ya bei.

Tena mwaka 2013 Robinson huyo pamoja na Pascaline Dupas walitoa habari nyingine. Watu wa vyama vya upatu walipewa masanduku ya chuma yenye kufuli, ili waweke fedha ya afya, yaani ya vyandarua, dawa ya kusafisha maji, na mengine kama hayo. Wengine walikaa na ufunguo wao wenyewe. Wengine ufunguo wao uliwekwa na mtu mwingine. Labda mngedhani ya kuwa sanduku lisilofunguka ndilo lililofaa zaidi. La, sivyo. Mwaka ulipokwisha, wale wenye ufunguo mkononi ndio waliozidi sana kununua vitu vya kuzuia ugonjwa. Sanduku ambalo ufunguo wake u mbali halikuwafaa vile, maana watu huogopa kufungia fedha wasiyoweza kuifikia siku ya haja.

Basi sanduku la ufunguo liliwasaidiaje, hali mwenyewe aliweza kulifungua saa yo yote? Liliipa fedha jina. Fedha iliyomo si fedha tu. Ni fedha ya afya. Na ndugu akija kuomba, mtu aliweza kumjibu bila aibu, "Iliyopo ina kazi yake." Fedha ya mwalimu wetu ilikuwa na jina moyoni mwake yeye peke yake, na jina lisilotamkwa ni kama halipo.

Lakini nasikia mmoja wenu akiniuliza, "Je! Mkristo amfungie ndugu yake mlango kwa ajili ya sanduku?" Swali hili ni kubwa, wala sitalipita. Mtume Paulo aliwaagiza Wakorintho kwamba kila mtu aweke kitu kando siku ya kwanza ya juma, kwa kadiri alivyofanikiwa, kwa ajili ya watakatifu maskini, ili michango isianze kutafutwa siku ya kufika kwake. Tazameni, hata sadaka ilipewa wakati wake na mahali pake kabla mwombaji hajaja. Nasi tufanye vivyo. Iwepo fedha ya ada, iwepo fedha ya ugonjwa, iwepo na fedha ya ndugu. Shemeji akija, apewe katika fedha ya ndugu kwa moyo mweupe. Ikiwa imekwisha, aambiwe kweli, tena apewe mikono miwili ya kusaidia kuezeka. Atoaye ada ya mtoto wake kwa kuona haya mbele ya watu hakutoa mali yake. Ametoa mali ya mtoto.

Yusufu naye huko Misri hakungoja njaa ndipo aanze kuweka akiba. Alitenga sehemu ya tano katika ile miaka saba ya shibe, wakati watu walipokuwa hawaoni haja.

Basi neno langu kwenu ni hili. Siku ile ile fedha iingiapo, kabla ya jua kuchwa, baba na mama waketi pamoja, waigawe, na kila sehemu waitaje jina kwa sauti. Na ikiwa fedha yenu hukaa katika simu, kama ilivyo kwa wengi siku hizi, iandikeni katika daftari hata hivyo, maana simu huijua jumla tu, haijui ya nani. Kisha ihesabuni kila Jumamosi, hata ikiwa imepungua; hasa ikiwa imepungua.

Mwalimu yule alimwambia mkewe yote usiku ule. Haukuwa usiku mwepesi, na binti alipoteza mwaka mzima. Lakini mavuno yaliyofuata walitenga fedha mezani, binti mwenyewe akiwapo, naye ndiye aliyeandika majina juu ya bahasha. Shemeji alikuja tena. Alipewa kidogo, akaonyeshwa na bahasha ya shule. Akanyamaza kitambo, kisha akasema, "Hiyo msiiguse." Huenda mwaka uliotangulia angalisema vivyo hivyo, kama angaliambiwa.

Mungu azilinde nyumba zenu.