Ukuta wa iMessage Unamlinda Nani?

Wako wanaoapa kwamba iPhone ni salama kwa sababu haichangamani na simu nyingine. Apple, wanasema, imeifungia iMessage, huduma yake ya meseji, ndani ya simu zake ili meseji zisivuje. Android ikifunguliwa mlango, wadukuzi watapita hapohapo. Hoja hii inauzwa kama ulinzi. Ni biashara iliyovaa sare ya mlinzi.

Tangu iMessage ianze mwaka 2011, meseji ya iPhone kwenda iPhone imekuwa ikifumbwa, isomwe na mtumaji na mpokeaji tu. Lakini kwa miaka mingi, mwenye iPhone akimwandikia mwenye Android kupitia programu hiyohiyo ya meseji, ujumbe iliangukia kwenye SMS, teknolojia ya 1992 isiyo na fumbo hilo. Kampuni ya simu iliweza kuisoma, na aliyeidukua kampuni hiyo pia. Ukuta ukamwacha wazi mteja wa Apple mwenyewe, maana nusu ya mazungumzo yale ni yake.

Sababu ya ukuta tunaijua. Barua pepe za mwaka 2013, zilizoanikwa katika kesi ya kampuni ya michezo ya video Epic dhidi ya Apple, zinaonyesha Craig Federighi, mkuu wa programu wa Apple, akipinga iMessage kupelekwa Android. Hofu yake? Kwamba familia zenye iPhone zingeona wepesi kuwanunulia watoto wao Android. Hoja yake haikuwa wadukuzi.

Desemba 2023 programu ya Beeper Mini iliwawezesha watu wa Android kutuma iMessage zilizofumbwa. Ndani ya siku chache Apple ikaizima, ikitaja usalama. Tuwe waadilifu: hakuna kampuni inayopaswa kuvumilia wageni wanaoingia kwa vitambulisho bandia. Ila wageni hao walipita dirishani kwa kuwa mlango ulifungwa kwa makusudi.

Na wasituambie haiwezekani. WhatsApp, ambayo Afrika Mashariki imeifanya sebule, ofisi na baraza la ukoo, imekuwa ikifumba meseji kati ya Android na iPhone tangu 2016.

Ugumu wa kweli upo pale kampuni mbili zinapounganishwa. Nani atathibitisha kwamba ufunguo huu ni wa Asha na si wa tapeli? Nani atatunza kumbukumbu za nani alimwandikia nani, saa ngapi? Programu ya Signal ilikataa kuunganishwa na WhatsApp chini ya sheria ya Umoja wa Ulaya inayotaka programu kubwa za meseji zifungulie nyingine mlango, kwa wasiwasi wa namna hiyo, na wasiwasi huo una uzito. Lakini hayo ni maswali ya kihandisi, na wahandisi wanayajibu: Machi 2025 GSMA, umoja wa kampuni za simu, ilitoa kanuni za kufumba meseji za RCS, mrithi wa SMS, kati ya simu za watengenezaji tofauti. Apple yenyewe ikaahidi kuzifuata. Imekuwaje hatari ile ikawa ya kutatulika ghafla, baada ya mashinikizo ya wasimamizi wa Ulaya na kesi ya serikali ya Marekani dhidi yake ya Machi 2024?

Kampuni inayokataa kuunganishwa iitaje hatari yenyewe na ituonyeshe inavyoitatua. Ikishindwa, tusiuite ukuta wake usalama. Tuuite mtego wa wateja.