Mashine Imtumikie Fundi



Mwezi Mei 2025 Baba Mtakatifu Leo XIV aliwaeleza Makardinali sababu ya kulichagua jina lake. Leo XIII, katika waraka wa Rerum Novarum wa mwaka 1891, aliwatetea wafanyakazi wakati wa mapinduzi ya viwanda. Nasi leo twakabiliwa na mapinduzi mengine, yaletwayo na akili mnemba.

Jambo hili si la wasomi wa mijini peke yao. Lavihusu vyuo vya ufundi stadi, vile vya VETA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1994, na vile vya majimbo na parokia zetu. Wapo wasemao somo hilo lingoje. Sisi twaona lifundishwe sasa, kwa maana vijana wengi wanazo simu tayari, nao huziuliza pasipo mwalimu.

Tuseme mwanafunzi wa umeme auliza ni waya gani ulifaao jiko kubwa la umeme. Mashine itamjibu kwa maneno laini, kwa kuwa imezoezwa kwa maandishi mengi mno, na zaidi ya Kiingereza. Lakini haiioni nyumba ile, wala haitambui daima inapokosea. Waya wa milimita za mraba 1.5, uwekwao kwa kawaida kwenye taa, ukifungwa kwenye jiko hilo waweza kuunguza nyumba. Siku hiyo atakayeulizwa ni fundi, si mashine.

Kwa hiyo mwanafunzi akokotoe kwanza, ndipo aiulize mashine. Kisha apime, na kueleza mbele ya mwalimu kwa nini amelikubali jibu au amelikataa. Saa za karakana zisipunguzwe hata kidogo. Yohane Paulo II alifundisha katika Laborem Exercens, mwaka 1981, kwamba kazi ni kwa ajili ya mtu, si mtu kwa ajili ya kazi.

Hapa ndipo penye suala la haki. Chuo chenye mwalimu aliyeandaliwa kitatoa mafundi wa kuihoji mashine; kisicho naye kitatoa watu wa kuitii tu, na hao mara nyingi watakuwa watoto wa maskini. Twazisihi Halmashauri za Walei: kabla ya kuchanga fedha za kompyuta, changeni za kumsomesha mwalimu.

Mtakatifu Yosefu, fundi wa Nazareti, atuombee.