Mama Amerudi Kutoka Ocean Road

Baba wa nyumba, leo nasema nawe. Mkeo alikuwa Dar es Salaam kutibiwa kansa ya shingo ya kizazi kwa mionzi, katika hospitali ya Ocean Road, iliyofunguliwa zamani za Wajerumani, mwaka 1897. Sasa yuko kwako Tunduru. Korosho zinaanguka, watoto wanataka uji, ndoo ni tupu, naye amelala mkekani saa nne ya asubuhi.

Usimwite mvivu. Uchovu wa mionzi humpata hata mtu aliyelala vema, tena huweza kukaa majuma, pengine miezi, baada ya matibabu kwisha. Na mama yako akianza kunung'unika, mweleze wewe. Usimwachie mgonjwa kujitetea.

Basi, teka maji mwenyewe. Najua, kisimani watakucheka. Wacheke.

Mpe chakula laini, kidogo kidogo, mara nyingi. Usimlazimishe kumaliza ugali. Ngozi iliyopigwa mionzi aioshe taratibu, asiisugue, wala asipake dawa asiyopewa na daktari. Mambo ya unyumba nayo yangoje ruhusa ya daktari. Akitokwa damu, akipata homa, au akishindwa kunywa, mpeleke hospitali siku ile ile, korosho ziache chini.

Tena tazama karatasi yake: imeandikwa tarehe ya kurudi. Chama cha ushirika kikilipa, tenga kwanza nauli yake. Bati utanunua baadaye.