Mgeni Kaja, Mwenyeji Hajapona

Nataka kubishana na kauli moja tunayoizoea mno katika tafiti za afya na elimu za vijiji maskini: kwamba kampeni ilikwama kwa sababu "uelewa wa jamii ni mdogo". Hoja yangu ni kwamba mara nyingi uelewa uliopungua ni wa mtafiti, na kwamba sisi tunaosoma Kiswahili tumeuacha upungufu huo uendelee ilhali sehemu ya dawa yake tunayo mikononi.

Chukua Kionga, au Quionga kwa maandishi ya Kireno, katika wilaya ya Palma, kusini kidogo ya mdomo wa mto Ruvuma. Mahali hapa pamebadilishiwa bendera bila wenyewe kuulizwa: Wajerumani walipatwaa mwaka 1894, Wareno wakapateka mwaka 1916, na Mkataba wa Versailles wa 1919 ukapathibitisha kuwa pa Wareno. Bendera zilipita, lugha zikabaki. Watu huzungumza Kimakwe, na Kiswahili huwaunganisha na jirani zao wa pwani na wa ng'ambo ya mto. Lugha rasmi ya nchi ni Kireno. Basi hojaji ikiandikwa kwa Kireno, ikafasiriwa papo kwa papo na yeyote aliyepatikana, kisha majibu yakarudishwa tena kwenye Kireno, tunachokihesabu mwishoni ni nini? Maoni ya mwanakijiji, au makadirio ya mkalimani?

Madhara yake si ya kinadharia. Kwa Kireno, dawa ya kusafisha maji huitwa "cloro" na kipindupindu huitwa "cólera". Kaskazini mwa Msumbiji maneno hayo mawili yamegongana masikioni mwa watu, na waliokuja kutia dawa visimani wakadhaniwa kuja kutia ugonjwa. Wahudumu wameshambuliwa. Ripoti ya haraka husema: ushirikina na ujinga. Lakini kwa Kiswahili, "dawa ya maji" na "kipindupindu" havifanani hata kidogo. Mtego huo umo katika lugha tuliyochagua kumwambia, haumo kichwani mwa mwanakijiji.

Najua pingamizi litakalokuja. Mwanasosholojia Carlos Serra, katika kitabu chake cha 2003 kuhusu fujo za kipindupindu kwenye pwani ya Nampula, alionyesha kwamba mzizi wa uvumi ule ulikuwa kutoaminiana: dola isiyoonekana siku za shida inapotokea ghafla na unga mweupe, watu hujiuliza imefuata nini. Nakubaliana naye, na ndiyo maana sisemi kwamba tafsiri peke yake huponya. Ila nauliza: imani hujengwaje na mtu usiyeweza kumwuliza swali? Lugha haimalizi kazi ya kuaminiana, lakini bila lugha kazi hiyo haianzi. Na tangu Oktoba 2017, vita vilipozuka Cabo Delgado, hadi shambulio la mji wa Palma Machi 2021, watu wa wilaya hii wamepata sababu nyingi za kumshuku mgeni anayeandika majina yao.

Wengine watasema njia nyingine haiwezekani. Inawezekana, na ilikwisha kufanyika ng'ambo ya mto huohuo. Mwaka 1973 Tanzania iliendesha kampeni ya "Mtu ni Afya". Kwa majuma 12, watu wapatao milioni 2 walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio kwa Kiswahili, wakasoma vijitabu, wakajadiliana, kisha wakaamua wenyewe la kufanya. Vyoo vilichimbwa kwa wingi. Mwanakijiji hakuwa sampuli, alikuwa mjumbe wa kikao.

Shuleni mambo ni hayohayo. Msumbiji ilianza elimu ya lugha mbili mwaka 2003, Kimwani na Kimakonde zikiwamo, na hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mtoto wa Kionga aliyesoma chuoni, anayetambua herufi za Kiarabu na kusikiliza Kiswahili cha redio, akipimwa kwa Kireno tu ataandikwa kuwa hajui kitu. Kipimo cha namna hiyo kinapima umbali wake na Kireno, kisha kinauita ujinga.

Sasa nigeuke kwetu. Agosti 2019 SADC ilikifanya Kiswahili lugha yake rasmi, na Msumbiji ni mwanachama. Kila tarehe 7 Julai tunavaa kanga na kanzu, tunaimba sifa za lugha iliyovuka mipaka. Wakati huohuo, sarufi ya Kimakwe iliyochapishwa mwaka 2008 ni kazi ya mtafiti kutoka Ulaya, Maud Devos. Simlaumu, namshukuru. Najiuliza tu sisi tulikuwa wapi.

Wala tusidhani kwamba Kiswahili sanifu cha vitabuni kinatosha. Tukienda Kionga kumsahihisha mama wa Kimakwe matamshi kabla ya kusikiliza habari ya mwanawe anayeharisha, Kiswahili chetu kitakuwa Kireno cha pili.

Ninachodai ni hiki. Idara zetu zikubali kuwa hojaji ya afya iliyojaribiwa kijijini, neno kwa neno, ni tasnifu kamili ya isimu, sawa na uchambuzi wa riwaya. Na utafiti wowote wa jamii usihesabiwe umekwisha mpaka matokeo yake yamesomwa kwenye baraza la waliohojiwa, kwa lugha yao, nao wakapewa nafasi ya kuyapinga. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Wageni wenye hojaji wamekuja sana. Mwenyeji bado anaumwa, na hata jina la ugonjwa wake tumemwandikia kwa lugha asiyoisoma.